Seli Zisizo na Kaburi

Siku friji ya maabara ilipokata roho, Nanyama alishuka ufuoni Dunga na ndoo mkononi, koti jeupe bado mwilini, viatu vyake vya kitambaa vikilowa maji ya samaki. Wanawake walikuwa wakigombea mbuta, wengine wakipara ngege, na katikati yao kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopauka alikuwa akivunja barafu kwa nyundo.

"Daktari, samaki wako wako wapi?" akamwuliza.

"Sina samaki. Jaza ndoo."

"Barafu bila samaki ni harusi bila bibi harusi. Unahifadhi nini?"

"Dawa za kazi. Na mimi si daktari."

"Basi nitakuita hivyo mpaka unikataze tena."

Hakumkataza. Kijana huyo ni Calvince, mzaliwa wa ufuo wa Nyakach, chini ya Katito. Kuanzia hapo simu ililia kila jioni, Nanyama akikoroga ugali kwa mkono mmoja. Yeye alimwita Barafu, naye akaitwa Daktari. Calvince alimtania kwamba Wabukusu humaliza jogoo kabla ya kusali. Nanyama akamjibu kwamba Wajaluo huongea Kizungu hata na mbuzi. Wakacheka, wakapendana.

Kazi ya Nanyama ilikuwa kukuza seli za kansa ya utumbo mpana. Zilitoka kwa mgonjwa mmoja wa ng'ambo aliyekufa zamani. Mwenyewe akaenda, seli zikabaki zikizaana, zikitumwa nchi hata nchi. Alizilisha maji ya rangi ya waridi ndani ya vichupa bapa, akazilaza kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Kisha alizitilia maji yaliyokamuliwa kwenye mimea ya ufuoni, aone upi utazizuia. Shangazi yake alikufa kwa ugonjwa huohuo, akiwa amemshika mkono.

Jumamosi moja Calvince alimfuata kazini wakale samaki. Alikuwa amepiga suruali pasi hadi mkunjo ukasimama wima, na amejipaka manukato. Kwa fahari Nanyama akamkalisha kwenye hadubini. Calvince akainama, akatazama, akakawia.

"Zinaishi?"

"Zinaishi."

"Na mwenyewe?"

"Alikufa."

"Akazikwa?"

"Akazikwa, Barafu."

"Basi waliomzika walizika nini?"

Samaki hawakuliwa. Kesho yake alipiga simu, sauti kavu, akasema hawezi kumpelekea mama yake mwanamke ambaye mikono yake inalisha maiti. Achague kazi au yeye. Nanyama alimjibu kwamba mikono huoshwa, na kwamba kazi ile haiachi. Calvince akasema sawa, akakata.

Simu ikanyamaza. Nanyama alikwenda kazini macho yamevimba. Asubuhi moja, vichupa vikiwa wazi mbele yake, aliifuta pua kwa mkono wenye glavu, kisha mkono uleule ukarudi kazini. Anayelia haoni mkono wake unapopita. Baada ya siku kadhaa maji ya waridi yakawa na utando wa ukungu, kama ugali uliolala juma zima. Mkubwa wake hakumgombeza. Alimletea tu galoni ya jiki, dawa ya kuulia vijidudu, na kumwambia vyote vimwagwe.

Alikuwa bado ameikodolea macho galoni ile alipopigiwa simu na Perez, mamake Calvince, muuza omena wa Katito. Mwanawe alikuwa amemsimulia ugomvi wao.

"Nyathina, mtoto wangu," Perez akasema, "baba yake alizama ziwani. Tulimtafuta hatukumpata. Tukazika tunda la yago, lile refu la mvungunya, mahali pake, ndiyo desturi yetu. Calvince akakataa kutupa udongo, akasema hawezi kumzikia baba yake tunda. Hasira hiyo si yako. Ni ya kaburi lile."

Nanyama akamshukuru. Kisha akampigia Calvince.

"Usikate. Vichupa vimeharibika, leo navimwaga vyote. Sikutaka usikie kwa mwingine."

Calvince akasema, "Nisubiri."

Alifika na gambuti zake, magamba ya samaki yamemganda kwenye suruali. Nanyama akamvalisha glavu. Akaanza kumimina jiki. Waridi likafifia, likafifia, mpaka maji yakawa hayana rangi. Calvince akavua kofia.

"Dhi gi kwe," akasema, nenda kwa amani, kama amwambiavyo mtu anayeshika njia.

Nanyama hakucheka. Lakini lilikuwapo neno moja bado, na alijua huenda likamfukuza tena.

"Sitakudanganya, Calvince. Kuna nyingine zimegandishwa. Nitaanza upya."

Calvince alikitazama kichupa kitupu, akakigeuzageuza.

"Zimegandishwa kwa barafu ya nani?"

"Kali kuliko yako."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka.

"Jumapili twende Katito, mama akuone. Na kuna kaburi pale sijalitupia udongo. Peke yangu sitaweza. Nataka unishike mkono."

Nanyama akavua glavu, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta, akamnyoshea mkono.

"Mkono huuhuu?"

"Huohuo," Calvince akasema, akaushika.