Sitini na Mbili Kati ya Sitini na Tatu

Programu ilisema sitini na tatu. Faili lilisema sitini na mbili.

Mkutubi alihesabu mara mbili kwa macho na mara ya tatu kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta, kama anavyohesabu vitabu vinavyorudishwa na wahadhiri, watu wanaopoteza kitabu kisha wakakutazama wewe kana kwamba ndiwe uliyekila. Sitini na mbili. Nywila moja ya Mama ilikuwa imebaki nyuma.

Halikuwa jambo la kutisha. Kampuni iliyotengeneza ile programu ya kutunzia nywila ilikuwa inafunga kazi. Ijumaa saa sita mchana kila kilichomo kingefutwa, na wateja walikuwa wameombwa, kwa barua pepe yenye uchangamfu wa kuudhi, wahamishe data zao mapema. Mama, mkunga mstaafu, alikuwa ameweka humo maisha yake yote: benki, kliniki, maji, umeme, mpaka namba za kufuli la geti. Aliiita Kasha. Na kwa kuwa katika nyumba ile aliyesoma ndiye fundi wa kila chenye waya, kazi ilimwangukia mkutubi, awe amesomea ukutubi au unajimu.

Alishuka na orodha mbili sambamba, ya programu na ya faili alilohamishia. "Kadi ya kliniki": hapa ipo, hapa ipo. Iliyofuata kwenye programu ilikuwa "Kitinda". Kwenye faili, "Maji".

"Mama, hii paswedi ya Kitinda ni ya nini?"

Jikoni, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ikanyamaza.

"Iache hiyo."

"Siwezi kuiacha. Ijumaa inafutwa."

Mama akatokea mlangoni, mikono inachuruzika povu. "Inafutwaje? Si waliandika hakuna wa kuigusa isipokuwa mimi?"

"Waliandika. Sasa wanaondoka."

Mama, ambaye hakai kitini kabla vyombo havijaisha, akakaa.

Chumba cha pili cherehani ilikuwa ikikimbia. Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba, alikuwa na miaka ishirini na mbili na sketi za shule za watu wengine mpaka magotini. Mama alishusha sauti chini ya mlio wa cherehani.

"Unakumbuka alipokuwa na miaka tisa?"

Alikumbuka, ingawa angependa asikumbuke. Kwa wiki sita Kitinda alikuwa akianza sentensi kwa sauti yake, na mwingine akiimalizia. Sauti ya mtu mzima, iliyotulia, isiyo na haraka. Wakati huo mkutubi alikuwa chuoni, na alilipa jambo hilo jina la kitaalamu lililomtosha yeye na profesa wake. Mama alileta mganga. Mganga alikaa na mtoto siku tatu mpaka kile kilichokuwamo kikataja jina lake, naye akaliandika kwenye karatasi, akaifungia ndani ya kisanduku cha bati chenye kufuli. Aliacha masharti mawili tu. Jina likisomwa, mwenyewe ameitwa. Jina likipotea, mwenyewe amefunguliwa.

"Bati likaota kutu," Mama alisema. "Nikaona Kasha ni imara zaidi. Niliandika herufi moja moja, nimekunja karatasi herufi zisionane. Nilipomaliza nikaichoma."

"Uliichoma, Mama?"

"Nilikuwa na nakala!"

Mkutubi alitaka kucheka. Badala yake alibonyeza tena "Hamisha".

Faili jipya lilikuwa na mstari kati ya "Kadi ya kliniki" na "Maji". Mstari mtupu, ila si mtupu hivihivi. Aliposukuma kishale ndani yake kilikwenda, nafasi moja baada ya nyingine, kikaendelea kwenda mbali kuliko upana wa ukurasa, kama mkono unaopapasa urefu wa mtu aliyelala.

Cherehani ikasimama.

"Dada," Kitinda aliita, "umeuona wapi ule..."

Wakangoja. Harufu ya bati lenye kutu ilipita sebuleni, nyepesi, kama mtu amefungua mfuniko na kuurudisha. Kisha, kutoka kinywa kilekile lakini chini zaidi, kana kwamba msemaji amekaa sakafuni mwa koo lake:

"...mkasi."

Mkutubi hakuhamisha tena faili siku ile. Aliandikia kampuni, kwa lugha ya heshima ambayo hakuihisi, kwamba kipengele kimoja hakitoki. Walimjibu asubuhi: *Akaunti yako ina vipengele sitini na mbili. Tunakutakia siku njema.* Akawapelekea picha ya kioo cha kompyuta, sitini na tatu imeandikwa kwa tarakimu nyeusi. Wakamjibu kwamba katika picha hiyo wanaona sitini na mbili, na wakamwomba awape nyota kwa huduma.

Alhamisi, Kitinda hakuwa tena na sentensi hata moja ya kwake hadi mwisho. Alijua. Ndilo lililokuwa baya zaidi: alianza maneno huku macho yameshawatazama kwa kuomba radhi, akajaribu kuyameza, akajaribu kusema neno moja moja, akajaribu kunyamaza, lakini hata akinyamaza midomo ilisogea, na ile sauti isiyo na haraka ikamalizia jambo ambalo yeye hakulianza, majina ya watoto waliozaliwa mikononi mwa Mama wakafa, mmoja baada ya mwingine na saa walizofia, mpaka Mama akaziba masikio kwa kanga na mkutubi, mwenye shahada mbili, akaongeza sauti ya redio.

Walimpigia mganga. Alikuwa mzee sana sasa, na mjukuu wake alilazimika kurudia kila swali kwa kelele.

"Mimi niliwapa bati," mganga alisema hatimaye. "Bati nalijua. Hilo lenu la hewani silijui, mwanangu."

"Basi tufanyeje, Babu?"

"Mlihamishe bila kulisoma."

"Halihamishiki!"

"Hapo mimi sina la kuongeza," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza mkutubi kumsikia mtu wa kazi yoyote akikiri hivyo.

Ilikuwa Ijumaa saa tano na nusu alipoona kilichokuwa mbele ya macho yake wiki nzima. Kando ya kila nywila, iliyofichwa kwa vidoti, kulikuwa na kitufe: "Nakili". Huhitaji kufunua. Unanakili vidoti, unabandika vidoti.

Walitumia simu ya Mama, kwa kuwa kitufe hicho kilikubali kidole gumba chake tu. Ilikuwa simu yenye sifa katika ukoo. Mama hakuwa na subira ya kuandika. Aliweka herufi mbili kisha akabonyeza neno lolote ambalo simu ilimpendekezea, bila miwani. Mwezi uliopita aliwatumia wafiwa "hongera sana".

"Bonyeza hapa, Mama. Sasa rudi. Fungua hii programu mpya. Bandika."

Vidoti kumi na moja vikajipanga. Sitini na tatu.

Saa sita kamili Kasha lilijifunga lenyewe, likatoa shukrani. Walisimama katikati ya sebule wameshikana mikono kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Leo nani anapika?" Kitinda aliuliza kutoka chumbani. "Maana msinitazame mimi, nina sketi tatu hazina hata zipu, na mwenye nazo ana mdomo kuliko redio yenu."

Sentensi nzima, yake mpaka nukta. Mama alilia mpaka akapata kwikwi.

Jumatatu mchana mkutubi alikuwa kwenye kaunta ya maktaba, anabandika lebo, simu ilipotikisika. Lilikuwa kundi la ukoo, watu arobaini na mmoja. Mama alikuwa ameandika:

*Kitinda njoo ule*

na baada ya hapo neno moja. Neno refu. Aliona herufi ya kwanza na ya pili, kisha akaufunika ujumbe kwa kiganja, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto. Neno alilopendekezewa Mama. Simu hukumbuka kila kilichonakiliwa ndani yake. Alilijua hilo, aliwafundisha hilo wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Alimpigia Mama ili aufute. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Mama huiacha chumbani akishapakua. Akampigia Kitinda.

"Usifungue ujumbe wa Mama. Kitinda, unanisikia?"

"Nimeshaufungua, Dada." Alikuwa anacheka, na cherehani ilikuwa inakimbia nyuma ya kicheko. "Simu yake hiyo itatuua. Hebu sikia, eti, 'Kitinda, njoo ule...'"

"Usilisome! Mdogo wangu, usi..."

Cherehani ikasimama.

Harufu ya bati lenye kutu ilikuja kati ya rafu, mahali ambapo kwa miaka tisa hapakuwahi kunuka kitu isipokuwa karatasi. Kisha yule asiye na haraka akalimalizia neno, silabi kwa silabi, kwa upole, kama mtu anayetia sahihi chini ya barua.

Simu ilikuwa haiachi kutikisika; mkutubi aliishusha sikioni, kidole kikiwa juu ya lile neno. Chini ya ujumbe wa Mama iliandikwa kwamba umesomwa na watu thelathini na nane. Ikawa thelathini na tisa. Shangazi alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Mjomba naye. Kisha wengine watatu kwa pamoja, kisha saba, kila mmoja wa sekunde tano au sita, muda wa kuanza sentensi fupi.

Hakuufungua hata mmoja. Alijua nani angeimalizia.