Boksi Alilokalia Dale

Kila Jumamosi asubuhi, Verlin Kestner alikunywa kahawa yake amesimama mbele ya gari. Hakuwa na safari. Aliliangalia tu, na kahawa ikiisha alirudi ndani kuongeza nyingine.

Gari lenyewe lilikuwa la buluu, la milango miwili, na injini yake ilikuwa ya silinda nane. Lilikuwa la baba yake Marlys, mke wa Verlin. Mzee alipofariki alimwachia Marlys. Hakumwachia Dale, kaka yake Marlys, na Dale hakusahau. Kila alipokuja kula, alitia neno.

"Gari la baba limezembea mikononi mwenu," alisema huku akijiongezea nyama. "Lori langu linalipita kwenye mlima wa kanisa bila hata kuhema."

Verlin alikuwa akimeza maneno hayo pamoja na viazi. Kisha akastaafu kazi ya kiwanda cha jibini. Wenzake wakachanga, wakamnunulia zawadi ya kumuaga: supachaja. Hicho ni kifaa kinachofungwa kwenye injini. Kinaisukumia hewa nyingi kwa nguvu, na gari linapata mbio zaidi. Kilikuja kimegawanywa katika maboksi. Verlin aliyakumbatia moja moja.

Marlys hakukumbatia kitu. Binti yao Brenna alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tangu utotoni, Brenna alisema siku ya harusi atakwenda kanisani kwa gari la babu. Babu alimwahidi kwa mdomo wake. Babu hayupo, lakini gari lipo, na Marlys alitaka ahadi ya baba yake itimie.

"Subiri harusi ipite," alisema.

"Brenna ashuke kwenye gari linalokohoa? Dale atanicheka mbele ya mchungaji!"

"Basi lipeleke kwa Pa Houa. Gereji yake inafanya kazi hiyo hiyo."

Pa Houa Vang alikuwa jirani yao, ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili.

"Nimlipe mtu kwa kazi ninayoiweza?" Verlin akasema. "Nimetengeneza mashine za jibini maisha yangu yote."

"Jibini halipandi mlima, baba Brenna."

"Halafu nimeona video. Kijana mmoja kafunga supachaja peke yake. Dakika kumi na moja tu!"

Marlys akaomba simu. Akaitazama video yote, kimya, miwani ikiwa puani.

"Huyu kijana mwanzoni hana ndevu," akasema.

"Ehe?"

"Mwishoni ndevu zimefika kifuani. Hizo dakika kumi na moja ni za wapi?"

Verlin akachukua simu yake. "Vijana wa siku hizi wanaota ndevu haraka," akasema, akaenda zake kwenye banda la gari.

Marlys akamfuata hadi mlangoni. "Nisikilize. Gari la baba likishindwa kumfikisha mwanangu kanisani, nitakuambia neno moja tu. Baada ya hapo sitasema nawe hadi Krismasi."

Ilikuwa mwezi wa sita. Verlin akahesabu miezi kwa vidole, lakini akachukua spana.

Jumamosi ya kabla ya harusi wakaja wasaidizi. Walikuja Gordy na Wendell, wenzake wa kiwandani, kila mmoja na kisanduku chake cha spana na ubishi wake. Dale naye akaja. Hakuja kufanya kazi. Alivuta boksi moja karibu na ndoo ya bia, akaketi juu yake, akawa msimamizi.

"Kaza hapo!" alisema Dale.

"Wapi?"

"Hapo hapo!"

Kutwa nzima ikawa hivyo. Gordy alifungua alichofunga Wendell. Wendell alifunga alichofungua Verlin. Marlys alikuwa uani akichoma soseji na kusikiliza. Kila chuma kilipoanguka sakafuni, moyo wake ulishtuka. Lile ndilo gari lililomfunza kuendesha. Baba yake alikaa upande wa pili, akila karanga, wala hakumfokea hata alipogonga kisanduku cha barua.

Jioni Verlin akawasha. Injini ikanguruma, na juu ya ngurumo hiyo ikasikika sauti nyembamba ya mluzi. Wanaume wakapiga kelele za furaha, wakakumbatiana kwa mikono yenye grisi.

"Bolti hizi tatu je?" Marlys akauliza. Zilikuwa kwenye kibati cha keki, zimebaki.

"Ni za akiba," akasema Dale. "Kiwanda huweka za akiba."

Verlin akavaa kofia yake. "Naenda kulijaribu mlimani."

"Zima!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Pa Houa alikuwa anakuja na bakuli la wali wa kunata, maana alikuwa amealikwa kula. Sasa alikuwa anakimbia na bakuli hilo.

"Zima kwanza, jirani! Kuna kitu kinacheza humo. Nimesikia nikiwa jikoni kwangu!"

Verlin akazima. Pa Houa akaweka bakuli chini, akachungulia ndani ya injini na tochi. Akashika kipande kikubwa cha chuma kilichobeba supachaja, akakitikisa. Kikatikisika kama jino bovu.

"Nani alikaza hapa?"

"Gordy," akasema Verlin.

"Mimi? Nilimwachia Wendell," akasema Gordy.

"Mimi nilijua Verlin keshakaza," akasema Wendell.

Wote wakamgeukia Dale. "Mimi nilisimamia," akasema Dale.

Pa Houa akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akauliza, "Na nozeli mpya mmefunga? Zile zinazonyunyiza petroli ndani ya injini?"

Wanaume wakatazamana.

"Si zipo za zamani?" akasema Verlin. "Zinafanya kazi vizuri tu."

 Pa Houa akaona mashine ya kupulizia majani makavu imetundikwa ukutani. Akaichukua, akaenda uani, akaielekeza kwenye jiko la mkaa.

"Soseji zangu!" Marlys akapiga ukelele.

"Nisamehe, dada. Ni kwa ajili ya elimu."

Akawasha. Mkaa ukageuka mwekundu, kisha mweupe. Cheche zikaruka. Kofia ya Dale ikaanza kutoa moshi, Wendell akaimwagia bia. Pa Houa akazima mashine. Soseji zilikuwa nyeusi tii.

"Sasa tazameni," akasema. "Hiyo ndiyo supachaja. Inapuliza. Injini ikipata hewa nyingi, lazima ipate na petroli nyingi zaidi. Petroli ikibaki ile ile, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kiasi. Pistoni zinatoboka. Ungepanda mlima ule, Verlin, ungeshuka kwa kukokotwa."

Verlin akazitazama soseji. Uso ukamshuka.

"Nozeli kubwa huja pamoja na kifaa," Pa Houa akaendelea. "Hamkuziona kwenye maboksi?"

"Tumefungua yote," akasema Verlin.

Marlys akageuka polepole. "Dale," akasema, "hebu simama."

"Kwa nini?"

"Simama, kaka."

Dale akasimama. Boksi lilikuwa limebonyea katikati. Utepe wake wa gundi ulikuwa bado haujafunguliwa. Verlin akalipasua. Nozeli nane zilikuwa humo, zinang'aa, kila moja ndani ya mfuko wake.

 Verlin akaketi kwenye kizingiti, akavua kofia.

"Nimeharibu," akasema. "Marlys, nimeharibu gari la mzee."

Marlys alikuwa na lile neno moja mdomoni. Lakini alipomwona mumewe amekaa vile, mikono myeusi, neno likakataa kutoka.

"Hujaharibu," akasema Pa Houa. "Hujafika barabarani. Na kazi yenyewe si mbaya! Mabomba umeyafunga sawasawa, mkanda umekaa vizuri. Mtu mwenye subira anaweza kufanya mengi nyumbani."

"Sasa nitajuaje lipi langu na lipi la fundi?"

"Jiulize: nikikosea, nitaliona kosa kabla halijavunja kitu? Ukikosea kupaka rangi ukuta, unaliona, unapaka tena. Ukikosea petroli na hewa, injini ndiyo ya kwanza kujua. Pale ndipo unakuja kwangu. Ninayo spana inayopima nguvu ya kukaza. Ninayo mashine ambayo gari hukimbia juu yake bila kutoka gereji. Na kompyuta ya injini lazima iambiwe kuna hewa mpya, la sivyo itaendelea na hesabu za zamani."

"Na watu wa bima?" Marlys akauliza.

"Waambieni kabla gari halijagusa barabara. Wengi hukumbuka siku ya ajali."

Verlin akanyanyuka. "Jumatatu?"

"Jumatatu, juu ya trela. Na usikaze kitu kingine, jirani. Naomba."

Jumatatu gari likavukishwa barabara juu ya trela, safari ya kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Pa Houa akamruhusu Verlin afunge nozeli mwenyewe, huku akimsimamia. Zile bolti tatu zikarudi mahali pake. Kompyuta ikapangwa upya. Gari likakimbizwa juu ya mashine siku mbili, likajibu bila kukohoa.

Siku ya harusi, Verlin alimpa Marlys ufunguo.

"Gari la baba yako," akasema. "Endesha wewe."

Brenna akakaa mbele na gauni lake jeupe. Verlin akajibana nyuma, magoti yakigusa kidevu, shela mapajani. Kwenye mlima wa kanisa, mbele yao kulikuwa na lori la Dale. Lilikuwa limebeba viti vya sherehe na linapanda likihema. Barabara ilipopanuka kuwa njia mbili, Marlys akakanyaga mafuta kidogo. Mluzi ukasikika. Wakampita Dale bila kuvuka kasi inayoruhusiwa, na Brenna akampungia mkono kama malkia.

"Mama Brenna," Verlin akasema kutoka nyuma, "lile neno moja lilikuwa lipi?"

"Nimelisahau," akasema Marlys. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka.

Dale alifika wa mwisho. Viti vikapakuliwa, watu wakaketi wote, chake kikakosekana. Akatazama huku na huku katika ukumbi wa kanisa. Karibu na meza kuu, pembeni, aliona boksi kubwa jeupe. Akalisogelea, akageuka, akakunja magoti. Halafu akasita. Akainama, akainua kifuniko, akachungulia ndani.

Ilikuwa keki ya harusi.

Dale akakirudisha kifuniko taratibu, akasimama kwa miguu yake hadi mwisho wa sherehe.