Pete Ndani ya Blauzi

— Tangu upewe kibali cha ukaazi wa kudumu, kuna kilichobadilika? Umeolewa? Umezaa?

Analyn alimtazama ofisa wa uhamiaji wa uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, kama hajasikia. Macho yalimwasha kwa kukosa usingizi, miguu imevimba ndani ya viatu. Chini ya blauzi, pete ilining'inia kwenye mkufu. Wiki iliyopita alifunga ndoa ya siri na Rodel mbele ya meya wa Miagao, kwao Ufilipino, wapate uhakika kabla bahari haijawatenganisha. Mapenzi nayo yana haraka zake.

Simu ikatetema. Shangazi Nenita, anayemngoja Winnipeg:

"Sema hujaolewa! Mume utamwita baadaye. Kitanda nimetandika, adobo, ile nyama ya siki unayoipenda, ipo jikoni. Kesho kadi ya afya, keshokutwa benki."

— Dada, nakusubiri, — ofisa alisema.

— Samahani, afande. Mtu akiwa na mume, asimtaje leo... baadaye anaweza kumleta?

Ofisa akaweka kalamu chini.

— Mume usiyemtaja leo, kesho hutaweza kumdhamini aje huku. Na kwa swali hilo umeshanijibu nusu.

— Na nikimtaja?

— Leo huingii kama mkaazi. Unarudi kwenu, naye anapimwa afya na kukaguliwa, ndipo mje wote.

— Itachukua muda gani?

— Mimi si nabii, dada.

Akaomba kupiga simu. Rodel alipokea papo hapo.

— Umeshapita?

— Bado.

Akamweleza yote. Rodel akasema:

— Pita, Analyn. Sema huna mtu.

— Na wewe?

— Nitazoea.

— Utazoea nini? Kuniona kwenye simu mpaka tung'oke meno?

— Kijiji kizima kilikuja kukuaga! Mama amechinja nguruwe! Ukirudi sasa hivi watasema umefukuzwa.

— Rodel, nimechoka. Sina nguvu ya kubeba uongo huu maisha yangu yote. Unanitaka au hunitaki?



— Nakutaka, mke wangu. Ndiyo maana nakwambia pita.

Jamani, mtu akipenda sana, akili humkimbia. Analyn alikata simu, akafungua mkufu, akaivaa pete palepale mbele ya ofisa.

— Andika, afande. Nimeolewa. Anaitwa Rodel.

Alilia kwenye kiti cha plastiki akisubiri ndege ya kumrudisha. Alilia kwa uchovu zaidi kuliko majuto. Alipomwandikia shangazi habari hizo, hakumhurumia:

"Mjinga wewe! Adobo nimempikia nani?"

"Iweke kwenye friza, shangazi. Tutakuja kuila wawili."



Uwanja wa ndege wa Iloilo, karibu na kwao, ulikuwa na joto lilelile alilolikimbia. Rodel alisimama nje ya geti na shati alilofungia ndoa, macho mekundu, hajui acheke au aombe radhi. Akampokea sanduku. Safari hii hawakujificha. Alimshika mkono wenye pete mbele za watu.

— Nimekuharibia maisha.

— Umenichelewesha tu. Twende nikalale.

— Majirani wameshajua umerudi. Wamekaa barazani wanakusubiri, mke wangu. Watatucheka.

Analyn akaegemeza kichwa begani kwake, akafumba macho.

— Nguruwe wetu si walimla? Waache wacheke.