Neno Lililomsimamisha Baroni

Mwaka ule Nouriat, mjukuu wangu, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila akitoka shule alipitia jikoni, akachukua ukoko wa wali, akashuka nao uani kwa Baroni.

Baroni ni mbwa. Mkubwa, jamani, ukimkuta amelala ungedhani ni ndama. Lakini ngoja kwanza niwaambie alivyofika kwetu.

Mimi nilikuwa mtunza bustani Moroni, kwa mzungu mmoja wa wale askari wa kukodiwa waliokuja Komoro mwaka wa sabini na nane. Alipoondoka, mbwa alikuwa ameshazeeka. Akaniambia, "Mfungulie tu, aende zake." Aende wapi? Nilikuwa nimemlisha miaka sita kwa mikono hii. Nikarudi naye kwetu Mutsamudu kwa boti, abiria wote wamejibana upande mmoja, mimi na Baroni upande wa pili.

Nyumbani hakupendwa. Mke wangu Charifa alimwekea bakuli lake mbali, na aliyeguswa na mate yake alinawa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ila mwanangu Chaehoi, baba yake Nouriat, ndiye aliyekuwa hamtazami kabisa. Chaehoi aliwahi kukamatwa na wale askari kule Moroni, kwenye kizuizi. Walimsimamisha juani kutwa nzima. Akichuchumaa, wanampigia kelele asimame. Tangu siku hiyo akawa mtu wa ndani, anashona kofia, hasemi. Watoto hatukuwaambia. Tuliona aibu, sijui kwa nini, maana aibu haikuwa yetu.

Sasa siku moja Nouriat alikuwa anarudia maneno ya Kifaransa ya shuleni. Akasema, "Debu," maana yake simama. Baroni akasimama. Miguu ya nyuma inatetemeka, lakini kasimama, kifua mbele, kama alivyofundishwa. Nouriat akampa ukoko. Kesho yake akaleta wenzake.

"Mbwa wa mzungu akutii wewe?" alisema Ridjali, mtoto wa jirani. "Hata mbuzi wenu hakusikii."

"Debu!"

Baroni akasimama.

"Ngoja alale, halafu mwambie tena," akasema Ridjali. "Wazungu wake wanatusumbua sisi. Na yeye asumbuke kidogo."

Wakacheka. Ikawa mchezo wa kila siku, mara kumi, mara ishirini, na kila mara ukoko. Mimi saa hizo nipo msikitini, sijui kitu.

Baada ya mwezi Baroni hakuweza tena kupanda ngazi zetu. Alikuwa amenenepa, na kwenye saruji ya uani miguu ilimteleza. Nilitaka kumpa vidonge vyangu vya magoti, nikaona bora nimwite Koultoumi, yule mama anayetibu mbuzi na ng'ombe.

"Mshukuru Mungu hukumpa, Babu," akaniambia. "Vidonge vya watu vinaweza kumuua mbwa." Akamkandakanda nyonga, Baroni akalia kidogo. "Ile nyama laini iliyo kati ya mifupa imelika. Mfupa unasagana na mfupa. Kuna mtu anamsimamisha-simamisha huyu?"

Nouriat alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Hakuna," akasema.

"Basi ni uzee tu, sina la kumpunguzia. Nitarudi Ijumaa ijayo. Akiwa hawezi kunyanyuka mwenyewe, tutamchoma sindano apumzike moja kwa moja. Kumwacha hivi ni kumtesa."

Usiku ule Nouriat hakula. Lakini hakusema.

Jumatatu Ridjali akaja tena. "Mbwa wenu keshakufa, bado kuzikwa tu."

"Hajafa."

"Basi msimamishe tuone."

Nilikuwa ndani na Chaehoi, na dirisha la uani, ambalo yeye alizoea kulifunga asimwone wala kumsikia mbwa, siku hiyo liko wazi kwa joto. Tukasikia "Debu." Halafu kwa nguvu, na kilio ndani yake, "Debu! Debu!"

Chaehoi akaweka kofia chini. Akasimama. Mgongo ukutani, mikono imenyooka ubavuni, macho mbele, jasho linamtiririka usoni. Nikamwita, hakunisikia.

Nouriat akaingia mbio kutafuta ukoko, akamkuta hivyo. "Baba, una nini?"

Nilimshika mwanangu bega, nikamkalisha taratibu kama mtoto. Ilichukua muda.

"Hilo neno," Chaehoi akasema mwisho, "ndilo walilokuwa wananiambia. Kutwa."

Nouriat akageuka dirishani. Kule uani Baroni alikuwa amesimama, anatetemeka mwili mzima, anamngoja.

"Mwambie akae," Chaehoi akasema. "Neno lake ni lipi?"

"Sijui, Baba. Sikujifunza."

"Na mimi sikuambiwa."

Akashuka uani. Ndiyo mara ya kwanza. Akavua shuka aliyojitanda, akaipitisha chini ya tumbo la Baroni, akambeba uzito, akamteremsha polepole mpaka akalala. Ridjali alikuwa ameshakimbia.

Jioni ile ile Nouriat alikwenda mwenyewe kwa Koultoumi. "Nilikudanganya," akamwambia. "Nilikuwa namsimamisha mimi."

"Ungesema siku ile, ningekufundisha siku ile," Koultoumi akajibu. Hakumpigia kelele. Akamfundisha.

Ukoko ukakoma, maana kila kilo inayopungua ni mzigo umetoka kwenye nyonga. Charifa, aliyekuwa hampendi, akatoa godoro kuukuu la sufi, likawekwa pembeni pasipo upepo. Magunia yakatandikwa kwenye saruji asiteleze. Asubuhi na jioni Nouriat alimtembeza kidogo kidogo pale penye tambarare, na Chaehoi nyuma yake, ameshika ile shuka kumwinua kiuno. Chaehoi akirudi alinawa mara saba, halafu akashika kofia zake.

Ijumaa Koultoumi alikuja na mkoba wake. Tukasimama wote. Baroni alimtazama, akajikokota, akateleza, tukadhani basi. Akajaribu tena, akainuka mwenyewe. Koultoumi akafunga mkoba.

Alipona? Hapana, wajukuu zangu, nyonga iliyolika hairudi. Aliishi msimu mmoja zaidi wa mvua, maumivu yamepungua, akafa usingizini juu ya godoro lake.

Siku tuliyomzika Nouriat aliniuliza, "Babu, kwa nini alikuwa anasimama na huku anaumia?"

Nikamwambia, "Kwa sababu ulimwambia. Mwenye kutii hawezi kukwambia imetosha. Wewe unayeamrisha ndiye unayepaswa kutazama miguu yake. Na ukiulizwa, sema kweli siku ile ile, maana wewe ukichelewa, anayeumia ni mwingine."

Baba yake alikuwa anafukia udongo. Akaegemea jembe, akasema, "Msikilize babu yako," kisha akakaa chini.