Piga Kabla ya Kuwasha

Lifti ilikwama saa ile ile ya mchana ambayo jengo zima hutaka kupanda na kushuka kwa wakati mmoja. Ndani walibanana wafanyakazi wa ofisini, mama mmoja na mizigo yake, na mwanamke aliyekumbatia gauni la harusi kwenye mfuko wa nailoni. Gauni halikuwa lake. Alilishona yeye, na bibi harusi alikuwa ametoka kulikataa hapo hapo juu, mbele ya shangazi zake, kwa kuwa lilinuka sigara. Basi kwa aibu hiyo hiyo mshonaji akafanya kile ambacho mvutaji yeyote angefanya. Akatoa sigara.

"We dada! Unataka kutuua humu?" akafoka bwana mmoja mwenye tai.

"Siwashi. Naishika tu."

"Kaishikie nje!"

Kishindo kikasikika juu ya vichwa vyao, kisha sauti nzito, tulivu, ikashuka kutoka kwenye paa la lifti. "Nani ana sigara humo?"

Wote wakamnyooshea kidole, kana kwamba sauti ina macho.

"Mimi," akasema mshonaji.

"Dada, mkono wa pili umeshika nini?"

"Gauni la harusi."

"Hongera!"

"Si langu."

"Basi pole."

Hata mwenye tai akacheka. "Sikiliza," sauti ikaendelea, "hamu ya sigara ni mgeni asiyealikwa. Usipompa kiti, ataondoka mwenyewe. Wewe nisimulie hilo gauni wakati mimi natengeneza."

Akamsimulia. Mikono ya lesi, shanga kifuani, kiuno kilichomtesa wiki nzima, na bado likakataliwa. Alipofika kwenye mkia wa gauni, lifti ilishuka taratibu na milango ikafunguka. Punde akateremka fundi mrefu, ovaroli ya bluu, grisi mpaka kwenye kope.

"Mwenyewe kalikataa kwa nini?"

"Anasema linanuka moshi."

Fundi akainama, akanusa. "Linanuka kweli."

"Mbona huna haya wewe!"

"Haya sina, lakini nina kikundi cha kuacha sigara," akasema akicheka. "Jumamosi alasiri, chumba cha nyuma ya zahanati. Na mimi nilikuwa navuta kuliko bomba la kiwanda. Njoo."

Akaenda. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya magauni, na nusu ilikuwa kweli.

Kikundi kilikuwa na sheria moja tu: piga kabla ya kuwasha. Kila anayeingia hupewa mtu wa kumpigia hamu inapombana, na kwa kuwa Fundi ndiye aliyetangulia kuacha, wote walipewa yeye. Alipigiwa akiwa kazini, akiwa mezani, akiwa bafuni na povu kichwani. Hakuna aliyeuliza yeye humpigia nani. Watu wazima wote wale, wenye akili zao, na hakuna aliyeuliza.

Mshonaji walimbandika jina la Bibi Harusi, kwa kuwa hakuachana na magauni meupe, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumvisha lake. Alilicheka jina hilo. Akirudi chumbani kwake, kwenye sanamu ya kushonea isiyo na kichwa na redio anayoiwasha ili nyumba isinyamaze, hakulicheka sana.

"Fundi, niko dirishani. Nimeishika," alimpigia jioni moja.

"Hujambo kwanza, Bibi Harusi?"

"Sijambo. Nataka kuvuta."

"Vuta kiti."

"Mjinga wewe!" Akacheka, na kiti akakivuta. Wakaongea mpaka chai ikapoa pande zote mbili. Simu za hamu zikageuka simu za "umekula?" na "umelalaje?", na baada ya hapo hata wao wenyewe hawakuweza kudanganya kwamba ni za kikundi.

Pua ya mshonaji ikafufuka. "Kumbe kitambaa kipya kina harufu!" alimwambia, kichwa kikiwa begani mwake. "Na wewe unanukia grisi na sabuni ya kufulia. Usibadilishe, mpenzi, nimekuzoea hivyo."

"Nitabadilisha vipi, na ndio mshahara wangu?"

Kisha Mzee Karani wa pale kikundini akalazwa hospitali. Alikuwa karani mstaafu, mvutaji wa tangu ujana, aliyeacha kwa maneno ya Fundi. Fundi alipokwenda kumtazama, mzee alimshika mkono. "Sigara nimeiacha kwa ajili yako, mwanangu. Mbona kifua hakiniachi?"

Fundi aliaga, akatoka. Alirudi kazini, akapanda mpaka chumba cha mashine juu ya jengo, akatoa simu. Akapitia majina, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa ya watu wanaomwegemea. Jina la mpenzi wake alilitazama kuliko yote. Amwambie nini, na yeye mwenyewe ndiye nguzo ya mwanamke yule? Akairudisha simu mfukoni, akashuka kununua sigara, akapanda tena, akawasha. Waliosema mganga hajigangi walimjua.

Jumamosi alikuja amevaa shati jipya na ananukia marashi ya waridi, aliyojipulizia bila kipimo.

"Leo una nini?" mshonaji akauliza.

"Kuna mama kamwaga chupa kwenye lifti."

Jumamosi iliyofuata yule mama wa lifti akawa amemwaga tena. Fundi alizoea kumbusu shavuni, sasa akawa anampungia mkono kwa mbali. Akipigiwa, anapokea kwa kuchelewa, akihema. Ilipofika siku ya kulipuka, ililipukia mlangoni kwa mshonaji, majirani wakisikia.

"Mwambie huyo anayekupulizia apunguze mkono!"

"Hakuna mwanamke, nakuapia."

"Kwa hiyo unajipaka waridi na kuingia kwenye shimo la lifti ili uzipendeze nyaya?"

Ukweli ulimfika Fundi mdomoni. Akamtazama mwanamke yule, ngozi imeng'aa, macho meupe, na akaogopa kwamba akilisema neno hilo, kesho naye atawasha. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa jibu, na mlango ukafungwa.

Kilichofuata ni upweke, tena upweke wa kweli, si ule wa kujisikitikia. Mshonaji hakuonekana tena kwenye kikundi. Alishona magauni ya watu, akayapiga pasi, akawapa wenyewe, akafagia vipande. Jioni alijikuta akitenga vikombe viwili, na kimoja anakirudisha kabatini. Fundi kule juu aliwatia moyo wengine kwa simu huku sigara ikiteketea vidoleni mwake, nao wakamshukuru, na kila shukrani ilimchoma.

Alasiri moja ya mvua mteja alilijaribu gauni mbele ya kioo, akajizungusha, akalia kwa furaha, akaondoka na dada zake wakicheka ngazi nzima. Chumba kikabaki kimya kiasi kwamba mshonaji alisikia saa ya ukutani. Akatoka na mvua ile, akanunua sigara moja, akarudi, akasimama dirishani. Hamu ilikuwa kubwa. Kiburi nacho kilikuwa kikubwa. Lakini alichokuwa akikipigania kilikuwa chake mwenyewe, si cha Fundi, na sheria ilikuwa sheria. Akapiga.

"Bibi Harusi?" Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Usiniite hivyo. Nimeishika, na kiberiti kiko mezani. Sema yale maneno yako, niyasikie, nikate simu."

Fundi akafungua mdomo. Maneno aliyajua kwa moyo. Kati ya vidole vyake majivu yalikuwa yamerefuka, yanataka kuanguka. Kuwadanganya wengine aliweza. Huyu akamshinda.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Mimi mwenyewe ninayo mkononi. Imewaka."



"Tangu lini?"

"Tangu Mzee Karani alazwe."

"Na marashi?"

"Ya kuficha. Pua yako naijua."

Mshonaji akakaa sakafuni, katikati ya vipande vya satini. "Kumbe mwanamke mwenyewe ni sigara!" Akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio. "Nimekesha nikimchora huyo mwanamke! Nimemvisha mpaka viatu, mshenzi wewe!"

"Nisamehe, mpenzi."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Umeacha kwa kunitegemea. Nikianguka mimi..."

"Nimeacha kwa pua yangu na mapafu yangu!" akamkatiza. "Na hii hapa naivunja. Umesikia? Haya, zima yako."

Akaizima.

"Jumamosi utawaambia," akasema mshonaji, akakata simu. Neno la msamaha hakulitoa.

Fundi akawaambia, amesimama, mikono haijui pa kukaa. Mzee Karani, aliyetoka hospitali amekonda ndani ya koti lake, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikupigia nikiwa kitandani, mpira wa hewa puani. Ulikuwa unavuta?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Wengine waliangalia sakafu. Mmoja akasema afadhali umesema, lakini kwa sauti ya chini, na kiti cha pembeni ya Fundi kikabaki kitupu. Mshonaji alikuwapo, nyuma kabisa, karibu na mlango. Alimpenda bado. Hasira nayo ilikuwa bado, na hakutaka kuiharakisha.

Baada ya siku hiyo simu ya Fundi ilinyamaza. Mtu aliyewahi kulalamika kwamba hapewi nafasi ya kuoga, sasa aliibonyeza mara kwa mara kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Jioni moja, kazi imekwisha, jengo limebaki na wafagizi, hamu ikampanda. Sigara ilikuwa mfukoni, aliinunua bila hata kukumbuka alivyofika dukani. Akaketi kando ya mashine, akatafuta jina moja, akalitazama. Akapiga.

"Haloo?"

Fundi akahema kwenye simu.

"Fundi? Ni wewe?" Cherehani iliyokuwa ikilia upande wa pili ikanyamaza. "Umeiwasha?"

"Bado."

"Haya. Nipo. Usikate."

"Sijui kupiga," akasema. "Nimezoea kupokea tu."

"Hivi hivi ndivyo inavyopigwa. Endelea."

Akaendelea. Akamwambia kwamba simu ilipokuwa ikilia kutwa alikuwa mpweke, na iliponyamaza alikuwa mpweke, na hajui upi ulikuwa mbaya zaidi. Akamwambia kuhusu kiti kitupu na kofia ya mzee. Mshonaji hakumrudishia hata msemo mmoja kati ya ile yake ya kutia moyo. Alisikiliza tu, akiguna pale penye kuguna.

"Na mimi nakutengea kikombe kila siku," akasema mwishowe. "Halafu nakirudisha kabatini kama mwehu."

"Ukinikubali nitakuoa," Fundi akaropoka. "Nataka kukuoa."



"Hilo siulizwi na mtu aliye juu ya jengo na sigara mfukoni," akasema mshonaji, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Itupe huko huko, ushuke. Nafunga mlango sasa hivi, nakuja hapo chini kazini kwako."

Fundi akaitupa. Mlangoni lifti ilimsubiri wazi, ile aliyoitengeneza asubuhi kwa mikono yake mwenyewe. Lakini ndani ya lifti mtandao hukatika. Akaiacha, akashika ngazi za jengo lile refu, simu sikioni, akihema, na kwenye kila kona aliuliza, "Upo?"

"Nipo," akajibiwa, na nyuma ya sauti zikasikika honi za barabarani. "Shuka tu. Nipo."