Siagi Nzuri ya Juu

Kila Ijumaa alfajiri, kabla ya kwenda shule, Almira Whitcomb alisukasuka maziwa. Alikamata mpini wa chombo kirefu cha mbao akaupandisha na kuushusha mpaka mabega yakawa kama si yake. Siagi ilipojitenga aliiosha kwa maji baridi, akaikanda kwa chumvi, kisha akaigandamizia muhuri wa mbao wenye picha ya jani la mwaloni. Kila nyumba bondeni ilikuwa na muhuri wake. Wanawake walileta siagi dukani kwa Mzee Enos Whitcomb, babu yake Almira, na badala yake wakachukua chumvi, kitambaa na sukari.

Ilikuwa wiki ya kukata majani ya ng'ombe, na nyumba nzima ilikuwa hoi. Baba alisinzia mezani, kijiko mkononi. Hata hivyo, jioni Almira alipaswa kuketi na babu na kuandika. Wilaya ilikuwa inatengeneza kitabu cha historia yake, na kila familia ilitakiwa kutoa habari za ukoo wake. Macho ya babu yalikuwa yamefifia. Alisimulia, na Almira, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri, akaandika.

"Sasa andika ule mwaka wa ukame," babu alisema Ijumaa hiyo. "Duka lilikuwa na miaka miwili tu. Nilikuwa na siagi nyingi iliyochacha, sikutaka kuitupa. Nikaijaza kwenye vipipa, nikafunika juu kwa siagi mpya ya Keturah Dowd, iliyokuwa nzuri kupita zote. Nikapeleka mjini."

"Halafu?"

"Mnunuzi alikuwa na chuma kirefu chenye tundu. Akakichomeka mpaka chini, kikatoka na siagi iliyochacha. Alirudisha vipipa vyote, na kwa miaka miwili hakuna mtu mjini aliyegusa siagi ya bonde hili. Watoto wa Keturah walipitisha majira yote ya baridi bila viatu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikakiri. Ndipo tukaanza mihuri, ili kila siagi ijulikane ni ya nani. Andika yote."

Almira alikumbuka maneno ya Hester Pruitt shuleni: "Babu yangu ataandikwa kanali. Wako ataandikwa nini, Almira? Muuza chumvi?" Kama angeandika habari hizi, Hester asingemwacha apumue. Tena vidole vilimuuma, na habari yenyewe ilikuwa ndefu. Akaandika mstari mmoja: "Duka lilistawi tangu siku ya kwanza, na siagi yake ilisifiwa mjini."

"Nisomee," babu alisema.

Almira aliitazama karatasi, akamsomea habari za ukame kama alivyozisimulia, neno kwa neno, kutoka kichwani.

"Vizuri, mjukuu wangu. Nenda ukalale. Umechoka."

Kesho yake asubuhi Bwana Sprague, mkusanyaji wa habari za kitabu, aliwasili na farasi aliyelowa jasho. Bibi Keturah Dowd naye alikuwa dukani, ameleta siagi yake yenye muhuri wa suke la ngano. Alijiketisha juu ya gunia akishika kiuno.

"Familia ya ishirini na tatu wiki hii," Bwana Sprague alisema, akifuta vumbi usoni. "Kwa kawaida mimi husoma kwa sauti, ili wenyewe wathibitishe."

Almira alimpa karatasi zake. Bwana Sprague alisoma jinsi Enos alivyokuja na mkokoteni wa maksai, alivyofyeka shamba, alivyofungua duka katika chumba cha magogo. Kisha akasoma: "Duka lilistawi tangu siku ya kwanza, na siagi yake ilisifiwa mjini."

Bibi Dowd alicheka kicheko kikavu. "Enos, na ule mwaka wa ukame umeuweka wapi?"

Uso wa babu ulikuwa umeshuka, kama wa mtu aliyebebeshwa tena mzigo alioutua zamani.

"Si yeye, Bibi," Almira alisema. "Alinisimulia yote. Mimi ndiye niliyeyaacha, kisha nikamsomea kana kwamba yamo. Nilijua haoni."

"Bwana Sprague," babu alisema, "farasi wako anahitaji kupumzika?"

"Yeye na mimi pia."

"Basi mpe mtoto karatasi."

Almira aliandika upya juu ya meza ya duka. Babu alisimulia taratibu, na Bibi Dowd akamsahihisha mara mbili. Alipofika kwenye watoto wasio na viatu aliandika bila kuruka neno. Safari hii Bwana Sprague alisoma, na babu akaitikia kwa kichwa.

"Ongeza," alisema Bibi Dowd akijikongoja kuinuka, "kwamba siagi yangu ilikuwa nzuri. Hilo nimelingoja miaka arobaini na sita."

Almira aliongeza.

Wageni walipoondoka, babu alimwita karibu. "Unajua ulichofanya? Ni kilekile nilichofanya mimi. Ulichukua habari nzuri ukaipaka juu ya kipipa."

"Nisamehe, Babu. Nilitaka watu wakuheshimu."

"Watu hapa wananiheshimu kwa sababu nilikwenda mlangoni kwao nikasema kweli. Ukiificha aibu yangu, unaificha na kazi niliyoifanya kuifuta. Uongo unachosha, mwanangu. Kila siku unakaa ukimngoja mwenye kile chuma. Leo umekiri mwenyewe, na hilo nimeliona hata kwa macho haya."

Almira aliibeba siagi ya Bibi Dowd hadi kwenye chumba baridi cha chini. Mabega bado yalimuuma. Aliiweka rafuni, lile suke la ngano likitazama juu, mahali ambapo kila mtu angeliona.