Vijiti Vitano

"Mgomba ni wangu! Umeota kwangu, umeegemea kwako, basi umeshakuwa wako?"

"Mama Tusekile, mgomba hauhami. Kilichohama ni mpaka, na aliyeuhamisha tunamjua!"

Aliyejibu ni Bi Rehana, mke wa fundi cherehani, kanga moja kiunoni, nyingine begani, kidole kimefika karibu na pua ya jirani yake. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, na mtaa wa Bulyaga ulijaa watu ambao hakuna hata mmoja aliyekumbuka tena alichotumwa. Vikapu vimetuliwa chini. Muuza vocha kaacha kibanda wazi. Ugomvi mtamu hauji kila siku.

Nyuma ya Bi Rehana alisimama binti yake, Mwanajuma, gauni la bluu la mtumba alilolibana kiuno mwenyewe, anaomba ardhi immeze. Mwaka ule wa 2007 kila kona ya Tukuyu ilichipua kaduka, na yeye alikuwa na chumba chake cha kuchapa barua, kompyuta mbili na intaneti ya kubembeleza. Leo wateja wake wote walikuwa hapa, wanamtazama mama yake akitunisha shingo.

Ndipo akatokea mwanamume anakimbia.

"Msimamisheni huyo! Si ana saa inayoongea na setilaiti? Apime mpaka!" mtu alipaza sauti kutoka kwenye kundi.

Ambwene alikuwa kijana mrefu wa Matwebe, mwongoza wageni wanaopanda Mlima Rungwe. Kaptura nyekundu, tope hadi magotini, na mkononi saa nyeusi kubwa kama kiberiti, zawadi ya mgeni mmoja aliyefika kileleni akalia kwa furaha.

"Jamani, hii ni ya michezo, si ya mipaka."

"Imeshika vijiti vingapi vya mawimbi?" aliuliza muuza vocha, mtu wa mitandao.

"Vitano. Imejaa."

"Basi pima!"

Hati ya kiwanja ilisema mita thelathini kutoka barabarani. Ambwene akatembea, jicho kwenye saa. Mara ya kwanza akasimama kwenye mgomba. Mara ya pili mita thelathini zikamfikisha jikoni kwa Mama Tusekile, mbele ya sufuria ya maharage, na vijiti bado vitano. Mtaa ukapasuka kwa kicheko. Hata wagombanao wakacheka, na mgomba ukaachwa mpaka siku nyingine.

Mwanajuma alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Dada, unanicheka mimi au saa?"

"Nakucheka wewe. Saa haina hatia."

Kesho yake Ambwene alikuja na waya wa saa, ameoga, shati jeupe limenyooka. Mwanajuma akauchomeka kwenye kompyuta, na juu ya picha ya dunia iliyopigwa kutoka angani ukajichora mstari mwekundu: njia yote aliyokimbia, kona kwa kona.

"Kwani hii si ndiyo iliyotuingiza jikoni kwa watu?"

"Siku ile niliikurupua, mamaa. Ukiipa muda vijiti vikajaa, haidanganyi. Hii inazungumza na mbingu."

Alisema kwa kujisifu tu. Mwanamume mbele ya mwanamke anayempenda husahau kwamba maneno yana miguu, na ipo siku yatarudi.

Penzi likashika. Kila Alhamisi Ambwene alikimbia njia ya Ikuti, na kila Alhamisi alipumzika kwenye chemchemi iliyo chini ya korongo, migomba juu, ukuta wa mwamba ubavuni. Hapo kulikuwa na jiwe moja. Ukilipanda, simu inashika.

"Haloo, mke wa mtu mtarajiwa."

"Mtu gani? Mimi sijatolewa posa na mtu." Sauti ya Mwanajuma ilikuwa imejaa sukari. "Vijiti vingapi leo?"

"Vitano, laazizi. Vinataka kumwagika."

"Vya saa au vya moyo?"

"Vya moyo havihesabiki. Sikia, Jumapili ijayo mjomba anakuja kupiga hodi kwa baba yako. Shehe nimeshaongea naye kuhusu kusilimu kwangu, ya dini yamekwisha. Kazi yako ni moja tu."

"Ipi?"

"Usibadilishe mawazo."

Mwanajuma alibusu simu. Wateja wawili walimwona, wakajifanya wanasoma tangazo ukutani.

Jumatano kabla ya Jumapili hiyo, picha za angani kwenye kompyuta zilibadilishwa, zikaletwa mpya zilizo safi. Sasa ungeweza kuona mapaa. Kwa furaha tu, Mwanajuma akafungua Alhamisi za mpenzi wake zilizohifadhiwa humo aone anakopita. Mstari ulikwenda na barabara vizuri, ukashuka korongoni, kisha ukaacha barabara. Ukapanda ukingo, ukaingia kwenye nyumba ya bati la kijani, ukazunguka humo ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Dakika kumi na moja. Akafungua Alhamisi nyingine. Bati la kijani. Na nyingine.

"Yesu wangu!" Mama Tusekile alikuwa amekuja kutoa nakala ya cheti, naye macho yake hayakuwahi kulala. "Hilo bati si la Beatrice? Yule mwalimu wa chekechea? Si ndiye walikuwa wakiandikiana barua na Ambwene tangu sekondari?"

Kufikia adhuhuri, Bulyaga nzima ilijua.

Ambwene alipofika jioni alikuta kompyuta imegeuzwa imtazame.

"Nisomee," Mwanajuma alisema.

Alisoma. Akacheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. "Mimi sijaingia hapo. Mimi huwa chini, kwenye chemchemi."

"Saa inasema umeingia."

"Saa imekosea."

"Mara tatu? Nyumba ileile?"

"Kwa sababu korongo ni lilelile! Mwanajuma, ukiita pale bondeni mwamba unakuitikia kwa nguvu kuliko mtu. Labda na saa inasikia mwamba. Vijiti vinaonyesha inasikia kwa sauti kubwa, havionyeshi imesikia kweli."

"Leo ndiyo unajua hayo? Nani aliniambia vikijaa haidanganyi? Na nani alinipigia siku hizo zote tatu, kwa mdomo wake, akasema vitano? Ulikuwa unanipigia ukiwa kwake, Ambwene? Amekaa pembeni anakusikia ukiniita laazizi?"

"Nilisema kwa kujisifu, mama. Twende wote kesho. Nitakuonyesha jiwe."

"Nikaonyeshwe jiwe, halafu Beatrice akanikaribishe kama mgeni? Mwambie mjomba wako asije."

Ambwene aliinua mkono wenye saa. Kisha akafungua mkanda, akaiweka saa mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Basi baki na unayemwamini."

Alipiga simu wiki mbili. Mwanajuma aliitazama ikitetemeka, akaigeuza kifudifudi. Wiki ya tatu simu ikanyamaza, na hapo ndipo alipoanza kuisubiri.

Miezi mitano ikapita. Masika yalipokoma, akiwa anafagia chumba, aliikuta saa kwenye mtoto wa meza. Akaichaji, aone tu kama bado inawaka. Ikawaka. Akaiweka dirishani juu ya kisahani cha chai, akasahau kwamba ameiacha inarekodi. Jioni aliichomeka waya.

Saa ilikuwa imetembea. Mstari mwekundu ulitoka dirishani, ukavuka uchochoro, ukaingia chooni kwa Mama Tusekile, ukapita juu ya paa la msikiti, ukarudi, ukaenda tena. Kilometa moja na ushee. Na mchana wote, kila alipoitupia jicho, vijiti vilikuwa vitano.

Kisahani kilikuwa palepale, na vumbi lake.

"Mama!" aliita. Bi Rehana alikuja mbio akidhani kuna msiba. Kwa kweli ulikuwepo.

Mwanajuma akapiga namba ya Ambwene. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Asubuhi alivaa gauni lile la bluu, akajifunga kilemba cheupe, akashika njia ya Ikuti. Usiku wa kuamkia alikuwa ameiwekea saa alama ya nyumba ya bati la kijani, ili imhesabie mita zilizobaki. Alitaka kuona kwa macho yake, si kwa ya mtu mwingine, si kwa ya mbingu. Alishuka korongoni akiteleza. Jiwe lilikuwepo, limelainika mahali pa kukanyaga. Akalipanda. Maji yalitiririka miguuni, migomba ikaziba anga, na juu ya ukingo, mbali kiasi cha kuita mtu kwa kelele, bati la kijani likang'aa.

Saa ikalia: amefika. Mita sifuri. Vijiti vitano.

Mwanajuma alikaa juu ya jiwe, akalia kwa sauti, na mwamba ukamlilia pia.

"Ugonile! Nani huko?" sauti ilisalimu kwa Kinyakyusa kutoka juu.

Mwanamke alikuwa anateremka na ndoo, kanga ya njano, mikono ina unga. Alipomwona alisimama. Tukuyu ni ndogo. Walijuana bila kujulishana.

"Wewe ni Mwanajuma."

"Na wewe ni Beatrice."

"Ndiye mimi." Beatrice aliweka ndoo chini. "Mdogo wangu, wewe ulinitangaza mpaka shuleni kwangu wazazi wakaninong'ona. Nilikuwa nimekuandalia maneno, wacha tu. Sasa nakukuta unalia hivi, yameniishia."

"Nisamehe, dada. Aliwahi kuingia kwako? Hata siku moja?"

"Ambwene? Alikuwa anasimama hapo ulipo, anapayuka kwenye simu korongo zima linasikia. Laazizi, laazizi! Nilikuwa nacheka huko juu peke yangu."

Mwanajuma alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Namba yake haipatikani. Nataka kwenda Matwebe nikamwombe radhi."

Beatrice aliinama chemchemini. Alichota maji, akamnawisha uso kama anavyowanawisha watoto wake wa chekechea.

"Usiende Matwebe. Wajomba zake walimtafutia binti Kiwira. Ng'ombe wa mahari walivuka wiki mbili zilizopita, na ndoa imeshatangazwa kanisani. Jumamosi hii."

Maji yaliendelea kutiririka. Mwanajuma aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo alilokuwa analijua. Kisha akavua saa, akaitazama, bado inalia kwamba amefika.

"Inasema uko wapi?" Beatrice aliuliza.

"Ndani kwako."

Beatrice alijitwisha ndoo kwa mkono mmoja, na ule mwingine akamnyooshea.

"Basi panda, ndugu yangu, iseme kweli hata mara moja. Ndizi za mbalaga ziko mezani, bado za moto. Karibu ndani ule."